Bunduki na risasi ya kuwindia kulungu: mwongozo kamili wa kuchagua bila kujutia

Kila msimu ni kosa lile lile. Mtu kapata kibali, kaingia dukani, kaambiwa "chukua hii, hii ndo ina nguvu", katoka na bunduki inayopiga teke kama punda. Risasi tano za kwanza bega limevimba, ya sita anafumba macho kabla hajavuta, afu siku ya kuwinda anampiga kulungu tumboni mnyama anakimbia na jeraha, jioni jamaa analalamika eti risasi ni dhaifu. Risasi haina shida mzee, umeanza na swali la mwisho ukaacha ya kwanza.

Hapa tunaenda kwa mpangilio wangu: sheria, mnyama, umbali, bega lako, ndo risasi, afu kichwa cha risasi, ndo bunduki, skopu (darubini ya kulengea), mwisho majaribio. Usiruke hatua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kibali cha silaha na cha kuwinda, pamoja na sheria za uwindaji za eneo unalowinda, uzisome mwenyewe sio za kusimuliwa
- Sehemu halali ya kulenga shabaha yenye ukingo wa udongo nyuma yake
- Kinga ya masikio na miwani, hata kama unapiga risasi tatu tu
- Sahani za karatasi za upana wa sentimita 20, na karatasi kadhaa za shabaha
- Risasi bandia za mazoezi, zile ambazo hazina baruti
- Daftari na kalamu
- Mtu mwenye uzoefu atakayekuazima bunduki yake na kukaa pembeni yako
- Hela ya risasi za mazoezi. Hii watu wanaisahau kabisa, wanamaliza zote kwenye bunduki afu wanaenda porini wamepiga risasi kumi maishani. Panga za angalau risasi 100.

Maneno mawili matatu tuelewane

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo chini ya ganda, baruti ndani, na kichwa ambacho ndo kinaruka. Kaliba ni upana wa kichwa, haikuambii nguvu. Risasi za .308 Winchester, .30-06 Springfield na .300 Winchester Magnum zote zinarusha kichwa cha upana ule ule, inchi 0.308, ila maganda ni tofauti na baruti ni tofauti, kwa hiyo haziingiliani hata kidogo.

Uzito wa kichwa unaandikwa kwa greni. Gramu 1 ni kama greni 15.4, kwa hiyo kichwa cha greni 150 ni kama gramu 9.7. Basi, tuendelee.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla hujapenda kitu

Sheria inaweza kukukatia nusu ya machaguo yako, ndo maana iko ya kwanza. England na Wales kwa kulungu wengi kaliba isipungue inchi .240 na nishati ya mdomo wa mtutu, yaani nguvu ya kichwa kikitoka tu mtutuni, isipungue kama jouli 2,300. Ujerumani wanapima tofauti: kwa kulungu mdogo aina ya roe wanataka jouli 1,000 kwenye mita 100, kwa kulungu wakubwa zaidi wanataka kaliba isiyopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 kwenye mita hizo hizo 100. Sasa ona, .243 Winchester ina upana wa milimita 6.2 hivi, kwa hiyo kulungu mwekundu unaweza kumwinda nayo England, Ujerumani hapana. Bunduki ile ile, mnyama yule yule.

Angalia na mambo ya risasi ya madini ya risasi, yaani ledi. California ilipiga marufuku ledi kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, Denmark ikafuata 2024. Kama unawinda sehemu kama hizo utatumia vichwa vya shaba, na hilo linabadilisha hatua ya 6. Kuna sehemu nyingine hawaruhusu kabisa bunduki ya mtutu wenye mifereji ndani (raifo), na kuna zinazobana bunduki zinazojipakia zenyewe au idadi ya risasi kwenye magazini.

Ukimaliza hatua hii uwe na mstari mmoja kwenye daftari: kaliba ya chini inayoruhusiwa, nishati ya chini, aina ya kichwa. Ukishindwa kuandika huo mstari hujasoma vizuri, rudi.

Hatua ya 2: Mjue mnyama wako

"Kulungu" ni neno pana sana. Roe ana kilo 20 mpaka 30 hivi. Kulungu wa mkia mweupe wa Marekani, dume mkubwa anaweza kupita kilo 100 ingawa wengi wako chini ya hapo. Dume la kulungu mwekundu linafika kilo 200. Musi, yule jitu mwenye pembe pana kama sepetu, anapita kilo 400 bila shida. Huwezi kuniambia wote hao wanataka kitu kimoja.

La muhimu kuliko kilo ni ukubwa wa sehemu ya kulenga, moyo na mapafu, nyuma tu ya bega. Kwa kulungu wa kati ni duara la kama sentimita 20, kwa roe ni dogo zaidi, hesabu sentimita 12. Hiyo namba ndo itakufuata hatua zote zinazokuja.

Hatua ya 3: Pima umbali wako wewe

Hapa ndo wengi wanajidanganya. Mtu anasema "mimi nataka bunduki ya mita 400" wakati kwenye mita 100 anakosa sahani.

Azima bunduki yenye teke dogo. Weka sahani ya sentimita 20 kwenye mita 50. Piga tano ukiwa umekaa chini au umeegemea fimbo, sio juu ya meza, porini hakuna meza. Zikiingia zote tano, sogeza sahani mita 25 mbele. Endelea hivyo mpaka moja itoke nje. Umbali wa kabla ya hiyo iliyotoka ndo umbali wako kwa sasa, na unaandika hivyo hivyo kwenye daftari bila kuongeza. Kama mnyama wako ni roe, tumia duara la sentimita 12.

Mimi mara ya kwanza nilipata mita 75. Niliona aibu kweli, nilishazoea kujisifu. Ila msitu niliokuwa nawinda huoni zaidi ya mita 60, kwa hiyo shida ilikuwa kwenye kichwa changu, uwindaji wenyewe ulikuwa hautaki zaidi ya hapo.

Ukiwa na namba hii tayari nusu ya kelele za risasi za masafa marefu hazikuhusu. Chini ya mita 200 karibu risasi zote za kulungu nitakazotaja huko chini zinafanya kazi.

Hatua ya 4: Sikiliza bega

Teke la bunduki nalo linapimika. Kwa bunduki ya uzito wa kawaida, kilo 3.5 hivi, .243 inarudisha kama jouli 12 mpaka 15. .308 ni kama 22 mpaka 25. .30-06 inapanda kidogo juu ya hapo. .300 Winchester Magnum inafika 35 na zaidi, na hapo watu wazima wenye miaka ya uzoefu wanaanza kushtuka japo hawasemi.

Kushtuka maana yake mwili unajikaza kabla mlio haujatoka, mdomo wa mtutu unashuka, risasi inaenda chini au pembeni. Hujioni ukifanya hivyo manake teke linaficha kila kitu. Kuna jaribio: mwambie mwenzako akupakilie, bila wewe kuona, saa zingine risasi ya kweli saa zingine ile bandia. Ukivuta ya bandia, angalia mtutu. Ukitulia kama jiwe, uko sawa na hilo teke. Mtutu ukiinama kama unaitikia salamu, bunduki hiyo ni kubwa kwako kwa sasa, na usibishane nayo.

Kuna rafiki yangu alibishana miaka mitatu. Alikuwa na magnum, zile za risasi zenye baruti nyingi zaidi, na anajeruhi wanyama, kila akikosa anasema skopu imeguswa. Akabadilisha skopu mara mbili. Mwisho akaazima .243 ya mkewe, akapiga kulungu wawili msimu huo huo, risasi moja moja. Ile magnum sijui aliipeleka wapi, hatuizungumzii.

Onyo: teke la bunduki nyepesi ni kubwa kuliko la bunduki nzito yenye risasi ile ile. Zile bunduki za mlimani za kilo 2.5 ni tamu kubeba, ila kwenye bega ni hadithi nyingine.

Hatua ya 5: Sasa chagua risasi

Nazitaja ambazo zimezoeleka, manake risasi iliyozoeleka utaipata hata duka dogo, ile ya kipekee utaizunguka mji mzima.

*.243 Winchester*, ipo tangu 1955. Kichwa cha greni 90 mpaka 100, kinatoka kama mita 900 kwa sekunde. Teke dogo. Safi kwa roe na kwa kulungu wa kati kama unaweka mahali pake. Kwa dume kubwa la kulungu mwekundu haina akiba, ukikosea kidogo inakuhukumu.

*6.5 Creedmoor*, ya 2007. Greni 120 mpaka 143, teke kati ya .243 na .308, upepo hauichezei sana. Watu wanaikuza kupita kiasi, ni risasi nzuri ya kawaida, basi.

*7mm-08 Remington* ni ganda la .308 lililobanwa shingo lishike kichwa chembamba zaidi. Kwa maoni yangu ndo inayosahauliwa bila sababu. Greni 140, teke la kuvumilika, inatosha kulungu wote isipokuwa majitu.

*.270 Winchester*, tangu 1925, greni 130, karibu mita 930 kwa sekunde. Inapiga tambarare, nzuri kwa sehemu za wazi. Ina mlio mkali na teke kidogo juu.

*.308 Winchester*, 1952. Greni 150, kama mita 860 kwa sekunde, jouli 3,500 na kitu mdomoni. Inapatikana karibu kila mahali wanapouza risasi. Ukiniamsha usiku ukaniuliza moja tu, nitasema hii.

*.30-06 Springfield*, ya 1906, mkubwa wake .308. Tofauti unaiona ukianza kutumia vichwa vizito vya greni 180. Kama na musi yumo kwenye mipango, chukua hii.

*.30-30 Winchester*, ya 1895, mzee kuliko wote hapa. Kichwa cha greni 150 kinatembea kama mita 730 kwa sekunde. Kwa msitu mnene, chini ya mita 130 hivi, bado inaua kulungu kila mwaka. Usiipeleke uwanda wa wazi.

Magnum? Kama umbali wako wa hatua ya 3 ni chini ya mita 250 na mnyama sio musi, hapana.

Namna ya kuamua: chukua mstari wa sheria, kilo za mnyama, umbali wako, na teke ulilotulia nalo. Zitabaki risasi mbili au tatu. Kati ya hizo chagua ile ambayo duka la karibu na wewe lina aina nyingi za vichwa vyake. Ndo hivyo tu, hakuna siri nyingine.

Hatua ya 6: Kichwa cha risasi, hapa usiharakishe

Ukiniuliza nini kinaua kulungu vizuri, kaliba au kichwa, nitakwambia kichwa. .243 yenye kichwa sahihi inashinda .30-06 yenye kichwa kibaya, na bado watu wanatumia mwezi mzima kuchagua kaliba afu wananunua boksi la risasi lililo rahisi kuliko yote.

Kichwa cha kuwindia kinatakiwa kifunguke kikiingia, kiwe kama uyoga, kitoboe mapafu yote mawili. Kichwa cha kijeshi chenye koti zima la chuma hakifunguki, kinapita kama msumari, mnyama anakimbia mbali na anakufa taratibu. Sehemu nyingi ni marufuku kwa kulungu na ni sawa kabisa iwe hivyo. Upande mwingine kuna vichwa vya wanyama wadogo waharibifu, hivi vinapasuka juu juu, vinafanya shimo baya begani bila kufika ndani. Soma boksi: kama halijaandikwa ni la kulungu au wanyama wa ukubwa huo, rudisha.

Kwa kawaida una makundi matatu.

Ya kwanza ni ledi yenye koti la shaba na ncha laini. Ya kizamani, bei yake nafuu, inafunguka haraka. Kwa roe na kulungu wa kati umbali wa kawaida inatosha kabisa. Ikipiga mfupa mkubwa karibu sana inaweza kuvunjika vipande.

Ya pili ledi iliyogandishwa na koti lake, haiachani. Inabaki na uzito wake mwingi ikipita mfupani, nzuri kwa kulungu wakubwa.

Ya tatu shaba tupu. Inapita sana, inaharibu nyama kidogo, na sehemu zilizokataza ledi huna lingine. Ila shaba ni nyepesi kuliko ledi kwa ukubwa ule ule, kwa hiyo kichwa kinakuwa kirefu. Shuka uzito: kama ulikuwa unatumia greni 150 za ledi kwenye .308, jaribu 130 za shaba. Na shaba inataka mwendo ili ifunguke, ikipoa sana kwa umbali inapita kama msumari tuliousema. Mtengenezaji huwa anaandika mwendo wa chini, heshimu hiyo namba.

Nunua aina mbili au tatu tofauti, boksi moja moja. Usinunue kumi za aina moja kwanza, nitakwambia kwa nini kwenye hatua ya 9.

Hatua ya 7: Bunduki yenyewe

Ya bolti ya kuvuta kwa mkono ndo napendekeza kwa anayeanza. Ni rahisi kuielewa, rahisi kusafisha, na ukifungua bolti kila mtu anaona haina kitu. Ya wenzo, ile ya kukunja chini ya mkono, ni tamu msituni na .30-30. Zinazojipakia zenyewe zinapunguza teke kidogo ila sheria nyingi zinazibana.

Urefu wa kitako ndo kitu ambacho wauzaji hawakupimii. Kunja kiwiko nyuzi 90, weka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio vizuri. Kidole kikipungukiwa, kitako ni kirefu. Vaa na koti lako la baridi ukipima, koti linaongeza sentimita mbili tatu. Bunduki yangu ya kwanza kitako kilikuwa kirefu, nikawa nanyoosha shingo kama twiga kutafuta skopu, na kulungu hakusubiri.

Sasa fumba macho, inua bunduki begani (haina risasi, umekagua wewe, muuzaji amekagua, mtutu unaelekea salama), fumbua. Jicho liwe tayari katikati ya skopu. Kama unahangaika kutafuta shavu likae wapi, bunduki hiyo sio yako hata kama ina mbao nzuri.

Mengine haraka haraka: uzito kilo 3 mpaka 3.6 kabla ya skopu, mtutu wa sentimita 51 mpaka 61, kifyatulio kinachovutika kama kilo moja na nusu bila kukwaruza. Kinacholegea sana ni hatari ukiwa na glovu. Sefti, yaani kizuizi cha kifyatulio, ijaribu mara kumi, iwe inaingia kwa mlio mdogo na haitoki yenyewe.

Hatua ya 8: Skopu na vishikio vyake

Hapa fupi. Kwa kulungu ukuzaji wa 3 mpaka 9 unatosha, na msituni weka kwenye 3. Asubuhi na jioni ndo kulungu wanatoka, kwa hiyo kioo angavu ni muhimu kuliko ukuzaji mkubwa. Jicho likae sentimita 9 au 10 nyuma ya skopu, chini ya hapo teke litakuachia alama ya nusu mwezi juu ya nyusi, wawindaji wote wanaijua hiyo alama na wanacheka.

Vishikio, vile vinavyoshika skopu juu ya bunduki, usibane hela. Skopu nzuri kwenye vishikio vibovu ni skopu mbovu. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa namba za mtengenezaji.

Hatua ya 9: Linganisha, jaribu, ndo uamini

Kabla ya kupakia chochote, soma maandishi kwenye mtutu na maandishi chini ya ganda. Yafanane neno kwa neno. Kuna watu wameingiza .300 Blackout kwenye bunduki ya .223, inaingia kabisa, bolti inafunga, ila kichwa ni kipana kuliko mtutu, bunduki inapasuka mbele ya uso. Kwa hiyo mezani iwe aina moja tu ya risasi kwa wakati.

Piga kutoka kwenye mifuko ya mchanga, mita 100, tatu tatu. Acha mtutu upoe kati ya mafungu, manake porini risasi yako ya kwanza itatoka kwenye mtutu baridi. Jaribu zile boksi mbili tatu ulizonunua. Utashangaa, bunduki moja inaweza kuweka boksi hili ndani ya sentimita 3 na boksi lile, uzito ule ule, ikatawanya sentimita 9. Haielezeki kirahisi, kila mtutu una chaguo lake. Fungu likikaa ndani ya sentimita 5, hiyo risasi inatosha kwa kulungu, acha kutafuta ukamilifu.

Ndo sasa sogeza skopu. Skopu nyingi kila kliki inasogeza kama milimita 7 kwenye mita 100, nyingine sentimita 1, imeandikwa juu ya kitufe. Sogeza kwa kufuata katikati ya fungu la risasi tatu, usikimbizane na tundu moja moja utamaliza boksi na hujafika popote.

Afu piga kwenye mita 150 na 200 uone inashuka kiasi gani. .308 ya greni 150 ukiisawazisha kwenye mita 100, kwenye 200 inashuka kama sentimita 10, ila hiyo ni yangu, yako ipime mwenyewe uandike kwenye kipande cha karatasi ubandike kwenye kitako.

Baada ya hapo rudia mtihani wa sahani wa hatua ya 3, safari hii kwa bunduki yako na risasi uliyochagua, umekaa chini, kwenye fimbo. Tano kwa tano. Huo umbali ndo mpaka wako wa msimu huu, hata akitokea dume lenye matawi kumi na mawili ya pembe mita 40 zaidi ya hapo.

Ukiridhika, rudi dukani ununue maboksi ya kutosha msimu mzima yenye namba moja ya toleo, ipo kwenye mfuniko au ndani ya boksi, manake toleo jingine linaweza kupiga sehemu tofauti kidogo. Na ukisafiri na bunduki, ikigongwa au hata ikitikiswa tu nyuma ya gari kwenye barabara mbovu, piga risasi mbili kwenye karatasi kabla hujaingia porini.